Jiwe la Bi Foronya

Wewe umewahi kuosha kaburi ambalo unajua kabisa kwamba aliyeandikwa juu yake hayumo ndani?

Kama hujawahi, usiwe mwepesi wa kumcheka mwanamke ninayetaka kukusimulia habari zake. Waliomcheka walikuwa wengi. Wapo waliosema ni uzee, wapo waliosema ni upweke, na wapo waliosema, kwa ile sauti ya huruma inayoudhi kuliko matusi, kwamba maskini hana wajukuu wa kumshughulisha. Mimi nilikuwa mpangaji wake. Nilimsikia alfajiri akigombana na bomba la maji, nilikula mezani kwake, nilimsaidia kuvuta kitanda alipotaka kufagia uvunguni, na alitaka kufagia uvunguni kila mara. Hakuwa mpweke. Alikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Tulimwita Bi Foronya. Jina hilo alilipata hospitalini, alikokuwa dobi tangu usichana wake hadi siku alipoambiwa kwamba mashine mpya zimefika na yeye anaweza kwenda kupumzika. Katika chumba kile cha kufulia, chenye mvuke na masinki marefu ya saruji, shuka zilipita mikononi mwake kwa malundo, lakini foronya alizikagua moja moja dirishani kabla ya kuzikunja. Yenye doa hata la ukubwa wa chawa ilirudi sinkini. Niliwahi kumuuliza kwa nini foronya tu.

"Shuka mgonjwa anailalia, haioni," aliniambia. "Foronya iko puani mwake. Akikuta doa la mwenzake, atajua mwenzake hakutoka hapo kwa miguu."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuongea sana, lakini akiongea unabaki na kitu cha kwenda nacho chumbani.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kanisa la parokia, na mbele ya kanisa, kati ya lango na ngazi, ulisimama mnara wa kumbukumbu ya vita. Watu waliuita Jiwe tu. Ulikuwa nguzo nene ya mawe meupe, mrefu kumzidi mtu mrefu, na upande unaotazama barabara ulichongwa majina ya wana wa parokia waliokwenda vitani wasirudi. Majina hayakupangwa kwa cheo wala kwa herufi. Yalichongwa kwa jinsi taarifa za vifo zilivyofika, mwenye taarifa ya kwanza juu kabisa, mwenye taarifa ya mwisho chini. Safu ya mwisho, karibu na goti la mtu mzima, ilikuwa na majina matatu. La katikati lilikuwa la kaka yake Bi Foronya.

Kaka huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, na baba akiwa mtu wa kazi za mbali anayerudi mara moja moja kama mgeni, kijana yule aliingia jikoni bila kuambiwa na mtu. Bi Foronya alikuwa na sare moja tu ya shule. Kila jioni kaka yake aliifua, akaisugua kola mpaka vidole vikawa vyekundu, akaitandika juu ya mgongo wa kiti karibu na jiko. Kisha vita vikaja, na kaka akaenda. Vita vilipokwisha waliorudi walirudi, yeye hakuwemo. Mwenzake mmoja alisema lori lao lilisombwa na mto uliojaa. Hakuna aliyeleta hata kofia. Kilichobaki duniani cha kuonyesha kwamba mtu yule aliwahi kuitwa kwa jina lake kilikuwa zile herufi katikati ya safu ya chini.

Basi kila Jumamosi alivuka barabara na ndoo mbili, kigoda kikiwa kwapani. Alilitunza lile Jiwe kwa ufundi wote wa chumba cha kufulia. Ijumaa jioni alilifunga kwa vitambaa vilivyoloweshwa dawa ya madoa, hasa huko chini ambako ukungu wa kijani ulipenda kuota, akaliacha lilale navyo. Asubuhi alivibandua, akaja na magadi na brashi ya sakafu, na penye ukungu mkaidi akatumia brashi ya waya. Juu alisugua akiwa amesimama, haraka haraka, kama mtu anayesalimia wageni wa jirani. Akifika chini alivuta kigoda akakaa. Hapo ndipo asubuhi yake ilipoishia. Alisuuza mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia, akalikausha kwa taulo kuukuu, na Jiwe likang'aa hata waliopita ndani ya magari wakageuza shingo.

Mapadre walikuja na kuhamishwa, wote walimkuta na kumwacha pale. Wengine walidhani analipwa.

Sasa siku moja likaja gari la serikali. Watu wa ofisi ya mambo ya kale walishuka, wakachimba mashimo kwenye pembe nne, wakasimika vyuma, wakapitisha mnyororo, wakakaza na kibao. Hawakubisha hodi kwenye mlango wowote. Bado nina hasira nao kwa hilo na sitaacha kuwa nayo. Unakuja kulinda kitu mahali pa watu, huulizi hata nani amekuwa akikilinda kabla hujapata mafuta ya gari?

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimeketi kizingitini kwetu nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu. Nilisomea historia chuoni, na kwa kuwa historia haikuwa na haraka ya kuniajiri, nilikuwa nikifundisha masomo ya ziada nyumba kwa nyumba. Nikamwona Bi Foronya amesimama mbele ya mnyororo, ndoo mkononi. Mzee Kengele alikuwa akimjia mbio mbio. Huyu alikuwa mtunza kanisa na mpiga kengele, rafiki wa marehemu mumewe Bi Foronya, na kwa urafiki huo wakaitana shemeji mpaka uzeeni.

"Shemeji, leo usivuke," alisema akihema.

"Nisivuke nini?"

"Mnyororo."

"Umefungiwa wewe au mimi?"

"Sote. Hebu soma kibao."

Bi Foronya akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa. "'Mnara huu unalindwa na sheria. Ni marufuku kuugusa, kuupanda, kuuandika, kuusafisha...' Kuusafisha? Shemeji, kuusafisha?"

"Mimi sikuandika. Mimi napiga kengele."

"Na ndege wanaokunya pale juu, nao wamesomewa?"

"Ndege hawana adabu, shemeji. Wewe unayo."

"Haya, waite polisi. Waambie kuna kikongwe amekutwa na sabuni."

Akapandisha gauni kidogo, akavuka. Mzee Kengele alitazama angani, akatazama mnara wa kengele, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwetu kwamba kuna kamba huko juu inahitaji kuangaliwa, akaondoka ili awe hajaona.

Lakini Jiwe likisafishwa linajulikana. Ofisi ilipopita tena ikalikuta linang'aa, Mzee Kengele ndiye aliyewekwa kiti moto. Aliambiwa kwamba likiguswa tena, atatafutwa mtu mwingine wa kushika ufunguo wa kanisa. Alikuja kwetu jioni ile, kofia mkononi, na hakutania hata kidogo.

"Nimezeeka na kengele ile," alisema. "Nisaidie."

Bi Foronya akamsaidia. Jumamosi iliyofuata hakuvuka barabara. Alizunguka uani na mikono isiyo na kazi, na mikono ile haikujua kukaa bure. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alifua gunia. Akanivamia chumbani akachukua mashati yangu yote, akayafua, yakakauka, akayafua tena. Shati langu la mistari likaanza kusahau mistari yake. Jioni nilimkuta amesimama dirishani akitazama ng'ambo, ambako vumbi la barabara lilikuwa limeanza kulivika Jiwe rangi ya ugoro.

"Ameanza kuchafuka," alisema.

Hakusema limeanza. Alisema ameanza.

Mimi nikawaka. Nikaenda ofisini kwao Jumatatu asubuhi nikiwa nimenyoosha hoja zangu njia nzima. Nilipokewa na afisa, mwanamke wa umri wangu, mwenye miwani na viatu vyenye matope, nikamwambia kwamba sheria inayomkataza mtu kumkumbuka ndugu yake si sheria, ni uzio. Nikamwambia mawe hayakufa vitani, watu ndio waliokufa. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Huyo bibi yako analiosha kwa nini?" akauliza.

"Kwa mapenzi!"

"Nimeuliza kwa dawa gani."

Sikujua vizuri. Nikasema maji na sabuni, kama watu wote. Akaandika kitu kiganjani kwa kalamu, akasema atakuja Jumamosi kuona mwenyewe, na kwamba angependa sana Bibi awepo.

Sikumwamini. Ofisi zikisema zitakuja kuona, maana yake zitakuja kuonekana. Kwa hiyo siku zilezile nikapita kwa vijana wa parokia, nikapita na kwenye mazoezi ya kwaya, nikapanda juu ya benchi. Niliwaambia kwamba Jumapili, baada ya misa ya kwanza, kila mtu aje na ndoo na brashi. Tutavuka mnyororo wote, tutaliosha Jiwe wote, kwa ajili ya Bi Foronya, tuone watatukamata wangapi. Walipiga makofi. Mama Kwaya, kiongozi wao, mwanamke mwenye sauti ya kufungua milango, alisema mjomba wa mama yake yumo katika safu ya mwisho pia, na kwamba yeye atakuja na ndoo mbili.

Jumamosi afisa akaja kweli. Alikuja peke yake, kwa miguu. Mzee Kengele alisimama na ufunguo wake, mimi nikasimama na hoja zangu. Bi Foronya alikuwa amevaa gauni lake la kutokea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyeleta mnyororo?"

"Ndiye mimi."

"Umeufunga vibaya. Nimeuvuka bila hata kujikwaa."

Afisa akacheka, akachuchumaa. "Bibi, nieleze unavyoliosha. Tangu mwanzo."

Na Bi Foronya akaeleza. Sijawahi kumsikia akiongea kwa urefu vile. Alieleza dawa ya madoa na jinsi ya kuizimua, vitambaa vya kulaza usiku kucha, magadi, brashi ya sakafu, waya kwa ukungu. Alieleza kama fundi anayemweleza fundi, na mikono yake ikasugua hewa. Kadiri alivyoendelea, ndivyo afisa alivyonyamaza zaidi. Mwishowe akatoa tochi mkobani, akamwomba Mzee Kengele avue koti alitandaze kuzuia jua, akailaza tochi ubavuni mwa Jiwe, mwanga ukateleza juu ya majina.

Majina ya juu yalijaa vivuli, kila herufi imekaa kwenye shimo lake, kali kama ilichongwa jana. Mwanga ukashuka. Mashimo yakapungua kina. Ukashuka tena, na safu ya mwisho ikatokea kama maandishi ya kidole juu ya unga ambao mtu ameupuliza.

Mzee Kengele alikuwa ameshika koti lake juu kwa mikono miwili.

"Ni mvua," nikasema.

"Mvua huanzia juu," afisa alijibu, kwa upole. "Juu kumesalimika."

"Basi ni maji ya barabarani, magari yanayorusha..."

"Mwache, Wakili," Bi Foronya akanikata. Aliniita Wakili tangu siku nilipogombana na msoma mita. "Ameshaniambia. Amenionyesha tu, hakutaka kusema."

Akainama, akasogeza uso karibu na safu ile, bila kugusa.

"Foronya huchanika pale kichwa kinapolala," alisema. "Nimezitupa nyingi."

Mimi sikuweza kunyamaza. Nikasema basi lichongwe upya, leo hii, mafundi wapo, na kama ofisi haitaki sisi tutamleta wetu. Afisa akaniambia kwamba jiwe la chini limelainika kwa dawa, patasi ikiingia hapo itabomoa safu nzima. Wao wanaweza kulipaka kitu cha kuligandisha, na likiachwa hivyo litasomeka kwa miaka mingi, kwa mwenye nia ya kulisoma.

"Kwa tochi!" nikasema.

"Kwa tochi."

"Na likioshwa tena?" Bi Foronya akauliza.

Afisa akazima tochi kwanza. "Mara chache tu, Bibi, halitakuwepo."

"Na haya mengine mawili?"

"Pia."

Bi Foronya akatikisa kichwa taratibu. Akamshukuru afisa, akamwambia Mzee Kengele ashushe koti, mikono itamuuma, akavuka barabara kurudi nyumbani bila kutazama kushoto wala kulia, na dereva mmoja akampigia honi ndefu.

Jua lilipotua nilimkuta jikoni. Alikuwa amechemsha chai akasahau kuimimina. Nikatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Vijana. Kwaya. Niliwaita kesho wavuke mnyororo waje kuliosha. Lazima niwazuie, Bibi, watakuja na brashi."

"Uliwaita kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako. Na kwa ajili ya haki."

"Haki jina lake liko safu ya ngapi?"

Akamimina chai, kikombe changu kwanza.

"Weka simu. Waache waje."

"Utawaambia nini?"

Alikaa, akaweka mikono yote miwili mezani kama vitu alivyoazimwa. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kwa maji ya miaka.

"Siku aliyoondoka," alisema, "aliifua sare alfajiri. Alisahau jioni, kwa sababu ya kufungasha. Nikaenda shule imelowa. Nilikaa darasani sikuegemea, maji yanadondoka chini ya benchi. Mwalimu akaniuliza kama nimejikojolea." Akacheka kidogo. "Nikasema ndiyo, mwalimu. Sikutaka ajue kwamba kaka yangu amesahau kitu."

Tukanywa chai.

"Mimi kumtunza mtu najua njia hiyo moja tu, Wakili. Ndiyo aliyonifundisha."

"Hukujua, Bibi."

"Sikujua. Ila hilo litamfaa kaka yangu mimi, maana yeye ananijua. Wale wawili waliolala naye, walinituma? Mjomba wa mama yake yule wa kwaya, nilimwomba ruhusa nani nimsugue?" Akasimama, akaanza kuosha kikombe chake. Kisha akaacha kusugua katikati, akakitazama, akakisuuza tu. "Wana ndugu zao humo kanisani. Nitawatazamaje kesho kwenye kupeana amani?"

Niliingia chumbani kwangu bila kupiga simu hata moja. Nilijiambia watatokea watu watano, sita. Mikutano yangu mingi iliishia na watu watano, sita.

Asubuhi nilivuka barabara mapema, na kabla misa ya kwanza haijaisha nikajua nimekosea. Ukuta mzima wa kanisa ulikuwa umepangwa ndoo. Ndoo za plastiki, ndoo za bati, beseni, dumu lililokatwa kichwa. Brashi zilikuwa zimelala juu yake, na nyingi, Mungu nisaidie, zilikuwa za waya. Watu walipotoka kanisani hawakwenda nyumbani. Walichukua ndoo zao wakasogea kwenye mnyororo, vijana mbele, kwaya nyuma na sare zao, na nyuma yao wazee ambao hakuna aliyewaita. Mzee Kengele alikuwa amesimama kando akishika ufunguo wake kwa mikono miwili. Kijana mmoja akainua mguu kuvuka.

"Rudisha huo mguu."

Bi Foronya alikuwa ametoka kanisani katikati ya watu, mdogo, kitambaa kichwani. Wakampisha wakidhani anakuja kuongoza. Baadhi wakapiga makofi. Akafika kwenye mnyororo, akageuka, akawa yeye na Jiwe upande mmoja na sisi upande mwingine, ingawa hakuuvuka.

"Nawashukuru," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, ikabidi watu wanyamaze. "Mmekuja kunisaidia. Nataka niwaambie mnanisaidia kufanya nini. Mmeona safu ya chini haisomeki? Mvua haikufanya. Wala serikali haikufanya. Mimi ndiye niliyewafuta. Nilikuwa nasugua kwa dawa ya hospitali, na kwa brashi kama hiyo uliyoshika wewe. Nimemfuta kaka yangu, na nimewafuta wawili ambao si wangu. Mkiosha leo, mtamalizia."

Ndoo moja ikatuliwa chini, ikatoa mlio. Nilimtazama Mama Kwaya. Wote tulimtazama. Alikuwa na ndoo zake mbili, moja kila mkono, na hakuzitua.

"Mjomba wa mama yangu," alisema Mama Kwaya.

"Ndiye. Wa kushoto. Nisamehe, mwanangu."

Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama bibi anakwenda jela. Mama yake akamfinya.

"Mimi nimezaliwa nimekuta Jiwe hilo," hatimaye Mama Kwaya alisema. "Napita hapa na kwaya kila Jumapili. Sijawahi hata kuinama nimsome. Kama ni kumfuta, mama, mimi nilimfuta kwa kupita. Wewe angalau ulikuwa ukimkaushia na taulo."

Bi Foronya alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua aliifuta mikono kwenye gauni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Haya, shemeji," alisema akimgeukia Mzee Kengele, "ufunguo wako uko salama. Pumua."

Watu wakacheka, kicheko kile cha kufungua kifua. Ila walikuwa bado wamesimama na maji, na hakuna kitu kinachomfanya mtu aonekane mjinga kama kusimama na ndoo iliyojaa.

"Sasa maji haya?" Mama Kwaya akauliza. "Nimeyabeba kutoka kwangu, mikono imerefuka."

Bi Foronya akatazama huku na huku. Akatazama ngazi za kanisa, pana, nyeusi kwa nyayo za watu wote walioingia humo kubatizwa na kuagwa.

"Zile ngazi zina mnyororo?"

"Hazina," akajibu Mzee Kengele.

"Zina kibao?"

"Hazina, shemeji."

"Basi anzeni juu mshuke. Magadi kwanza, maji baadaye."

Vijana wakakimbilia juu. Mama Kwaya akavua viatu, akakunja mikono ya sare yake, akachukua brashi ya waya kutoka kwa kijana mmoja, akaipima kiganjani.

"Tusugue kwa nguvu?"

"Kwa nguvu zote," alisema Bi Foronya. "Pale hakuna jina la mtu."

Mama Kwaya akapanda, akamwaga ndoo ya kwanza, na Paroko, aliyekuwa ametokea mlangoni na mavazi yake ya misa kuuliza kuna nini, akaruka pembeni kama mwanambuzi.